Kipande cha Nane

Picha ya eksirei ukiitia kwenye beseni la maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, haiachi weusi wake papo hapo. Hukaa kwanza, kama mgeni aliyeambiwa aondoke naye hataki. Baada ya dakika kumi hivi ukiigusa utahisi utelezi wa samaki, na hapo ndipo unachukua soksi kuukuu na kusugua taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Weusi unatoka kama masizi. Mbavu za mtu zinatoka. Jina lake lililoandikwa pembeni kwa herufi nyeupe nalo linatoka. Unasuuza mara mbili, unaanika kwenye kamba kwa vibanio, na ikikauka unabaki na plastiki safi, ngumu kiasi, yenye ubuluu kwa mbali. Dukani huipati nzuri kama hiyo.

Kazi hii niliianza baada ya miguu kukataa kusimama kwenye jiko la shule nilikokuwa napika. Natengeneza mapambo ya nyumbani kwa vitu ambavyo watu wangetupa. Chupa nazizungushia uzi wa sweta lililofumuka, zinakuwa za kuwekea maua. Zipu mbovu nazikunja, zenyewe ndizo maua. Mbavu za mwavuli uliovunjika nazipinda kuwa duara, na kwenye duara hilo nashona vipande vya picha za eksirei nilivyovichora majani, inakuwa kofia ya taa. Rangi nachukua kwenye makopo ya mwanangu, ambaye ni mpaka rangi wa nyumba. Kopo lisemwalo limekwisha huwa na vijiko vitatu vinne chini, ukijua kukwangua. Majirani wananiita Bibi Usitupe. Wanasema nikipita mlangoni kwako, shika kiatu chako vizuri kama kimeanza kuchakaa.

Naishi na mwanangu huyo, mke wake, na binti yao wa miaka sita. Mke wa mwanangu anakanda unga kwenye duka la mikate. Siku anaajiriwa, miaka mitatu iliyopita, walimpiga picha ya kifua, wakamgongea muhuri kwenye fomu kwamba anafaa, na picha wakampa aende nayo nyumbani. Akaichomeka nyuma ya kabati la nguo chumbani kwao. Ikakaa huko.

Mwaka jana msusi wa mtaa wa pili alinijia. Alikuwa amebomoa ukuta kuongeza chumba cha saluni yake, akataka kofia kubwa ya taa ya kuning'iniza katikati, na aliitaka kabla ya Ijumaa. Nilipima duara, likataka vipande vinane. Nilikuwa na picha saba. Ya nane niliyokuwa nayo ilikuwa ya kiganja cha mtoto, ndogo, haikutosha hata nusu ya kielelezo changu cha kukatia, nilichokitengeneza kwa boksi la sabuni.

Niliingia chumbani kwa mwanangu wakiwa kazini. Chumba cha mwana na mkewe si mahali pa mama kuingia, hilo nalijua. Nilijiambia nafagia. Nikapitisha mkono nyuma ya kabati, nikaivuta, nikapangusa vumbi. Jina nililisoma. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini jina la mtu ninayekula naye sahani moja siwezi kushindwa kulisoma. Nikasema moyoni, huyu mzima kabisa, ananyanyua magunia ya unga. Picha ya nini tena? Nikaiinua dirishani nikaitazama, kama ninavyotazama kila picha kabla ya kuiosha, kisha nikaitia kwenye beseni. Sikumwambia siku ile kwa sababu nilitaka kumwambia siku nzuri. Siku nzuri zikapita nyingi, nikasahau kwamba nilikuwa na neno.

Kikohozi kilimwanza mke wa mwanangu mwaka huu. Kidogo kidogo, cha asubuhi, tukasingizia unga. Kikaendelea hata siku za mapumziko. Jumamosi moja akaenda hospitali, akarudi jioni na bahasha kubwa ya kaki, akaiweka mezani bila kuvua viatu. Nilikuwa kwenye kiti changu, nashona ua la zipu.

"Wameona nini?" mwanangu akamuuliza.

"Doa." Akaonyesha kwenye kucha ya kidole chake cha mwisho. "Kama punje ya haragwe. Liko karibu na mshipa mkubwa."

"Doa la nini?"

"Hajui. Anasema huenda ni kovu la zamani tu, mtu anaweza kuishi nalo mpaka uzee. Huenda si kovu. Akaniuliza kama nilishawahi kupigwa picha ya kifua. Nikamwambia ninayo nyumbani. Alifurahi huyo daktari, utadhani ni yeye mgonjwa." Akacheka, akakohoa. "Anasema doa likionekana na kwenye ile ya zamani, na liwe halijakua, hawanigusi. Niipeleke Jumatano, basi."

"Na lisipoonekana?"

"Wanachoma sindano ndefu katikati ya mbavu wachukue kinyama wakipime. Ikishindikana wanapasua." Akasimama. "Lakini ipo. Ipo nyuma ya kabati."

Akaingia chumbani. Nilisikia kabati likivutwa sakafuni. Nikaichomeka sindano kwenye goti la sketi yangu.

Ningesema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi tu, hayazidi matano. Lakini alirudi mlangoni akasema, "Haipo," na uso wake ulikuwa umebadilika kiasi kwamba nilisema, "Tafuteni vizuri." Hilo ndilo lililotoka kinywani mwangu. Tafuteni vizuri.

Wakatafuta. Jumamosi yote na Jumapili yote. Mimi nami nilitafuta. Niliinua godoro nikijua hakuna kitu, nikatikisa magazeti, nikafungua sanduku langu la vitambaa mbele yao ili waone kwamba kwangu hakuna. Mjukuu wangu akauliza tunatafuta nini, mama yake akamwambia, "Picha yangu." Mtoto akaleta ile ya arusi iliyokuwa ukutani.

Jumapili jioni akapatikana wa kulaumiwa. Miezi michache nyuma mwanangu alikuwa amekipaka rangi chumba chao, na kabati alilisogeza yeye.

"Uliiweka wapi?" mkewe akamuuliza.

"Sikumbuki kuiona."

"Kabati umelisogeza peke yako, ukuta umepaka peke yako, picha huikumbuki."

"Labda niliitandika chini isidondoke rangi. Kuna vitu nilitandika, nikavitupa."

"Umeitandika chini." Alisema polepole. "Brashi zako unazifunga kwenye kitambaa kibichi zisikauke. Kifua changu unakitandika chini."

Jumatatu alfajiri kabla ya kazi mwanangu alikwenda kupekua lundo la takataka la jengo alilokuwa anapaka wakati ule, akarudi na chokaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameshajiaminisha. Aliniambia jikoni, "Mama, nahisi naikumbuka sasa. Ilikuwa chini ya ndoo." Mtoto niliyemzaa ananieleza kosa langu kama lake, na ananieleza mpaka mahali ndoo iliposimama.

Hapo sikuweza tena. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wangu ndani ya shati la mwanangu.

Mkewe alikuwa chumbani akikunja nguo. Siku hiyo alikuwa zamu ya mchana. Nilisimama mlangoni.

"Mwanangu, picha yako niliichukua mimi."

Akaendelea kukunja shati la shule la mtoto. Mkono mmoja, mkono wa pili, akalilaza.

"Umeiweka wapi?"

"Niliiosha. Mwaka jana. Ni kipande kimoja cha ile kofia ya taa ya msusi."

"Hukujua ni yangu."

"Nilijua. Nilisoma jina."

Akaketi kitandani. Akasema bila hasira, kwa namna ya mtu aliyechoka: "Mama, ungesema tu hukujua."

Mwanangu alikuwa nyuma yangu, sikumsikia akija. Alipita, akachukua brashi zake, akatoka nje. Mpaka leo hajanisema kwa hilo, nami ningependa aniseme.

Baada ya muda mke wake akasimama, akajifunga mtandio. "Twende saluni," akasema.

"Kufanya nini? Imeshatoka yote."

"Twende."

Msusi alikuwa anasuka kichwa cha mteja mmoja. Alituona mlangoni akapaza sauti kwa furaha yake ya kila siku. "Bibi Usitupe! Leo umekuja na mkweo, mmekuja kusuka au kuninyang'anya taulo zangu? Hizi bado mpya, nakuonya."

"Tumekuja kuangalia taa," mke wa mwanangu akasema.

"Angalieni, shemeji, kutazama ni bure. Kila anayekaa hapa anaiuliza. Nawaambia hii imetoka kwa bibi mmoja, ukilala kwake unaamka umekuwa pambo."

Yule mteja akacheka. Mke wa mwanangu akavuta kiti cha plastiki akapanda. Kofia ilikuwa inaning'inia juu ya vioo, vipande vyake vinane vimeshonwa kwa kamba ya gunia, kila kimoja na tawi lake la majani ya kijani niliyoyachora kwa rangi ya milango ya watu. Alikishika kipande cha kwanza, akakiinamisha kwenye mwanga wa balbu. Akakiacha, akashika cha pili. Aliizungusha taratibu, kimoja kimoja, uso wake karibu kabisa na plastiki, mpaka akarudi alikoanzia. Nami chini nilikuwa najaribu kukumbuka kilikuwa kipi. Vyote nilivisugua sawasawa. Ndivyo ninavyojisifu siku zote, kwamba kwangu hakibaki kivuli.

"Kuna buibui?" msusi akauliza.

"Hakuna kitu," akamjibu, akashuka.

Tulipotoka hakuelekea nyumbani. Alikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, nami nikakaa, maana magoti yangu yalikuwa yameshaomba. Akakohoa ndani ya mtandio. Kisha akasema bila kunitazama:

"Wewe kila picha unaiangalia dirishani kabla hujaiosha."

"Naiangalia."

"Na yangu uliiangalia."

"Niliiangalia."

"Basi uliliona doa au hukuliona?"

Nilifumba macho, nikajirudisha dirishani kwangu, asubuhi ile, na mwanga ule. Nilikumbuka mbavu, maana nilizihesabu. Nilikumbuka alama ya kidole cha mtu, yenye mafuta, kwenye pembe ya juu. Nilikumbuka kwamba kona moja ilikuwa imekunjika, nikawaza niweke kielelezo upande gani ili kona ile ibaki nje. Vyote hivyo navikumbuka kama vya jana. Doa, kuwepo au kutokuwepo, silikumbuki. Nilikuwa natazama plastiki, sikutazama kifua.

"Sikumbuki, mwanangu."

"Jaribu."

"Nimejaribu tangu Jumamosi."

Mtu mmoja akapita na toroli la mabati, tukangoja kelele ipite.

"Basi sema uliliona," akasema.

"Nani, mimi?"

"Jumatano twende wote. Nitamwambia daktari picha imeharibika lakini mama aliiona, na mama ni mtu wa kuona vitu vidogo. Huo si uongo. Wewe utasema lilikuwepo, dogo kama hivi. Ataniacha."

"Na kama halikuwepo?"

"Dada yangu aliingia hospitali akitembea," akasema. "Ameshika chupa yake ya maji. Walisema ni kupasua kidogo tu. Hakuamka. Mama, mimi siogopi kuumwa kama ninavyoogopa ile meza. Umenichukulia picha bila kuniomba. Sasa mimi nakuomba neno moja tu, na tukitoka pale sitalitaja tena jambo hili mpaka nife, wala mwanao hatalitaja."

Hapo ndipo nilipoona uzito wa kitu nilichokifanya. Kuosha picha kulikuwa kosa la mkono. Hili alilokuwa ananiomba lilikuwa tamu. Nilikuwa nimetandikiwa msamaha hapo kizingitini, safi, umekunjwa vizuri, kilichobaki ni kunyoosha mkono. Na huenda lilikuwa kovu kweli. Huenda ningesema uongo na uongo ukawa sawa na ukweli, asichomwe wala asipasuliwe, na nyumbani tukarudi kucheka. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Yeye alichukua kimya changu kuwa ndiyo, akanishika mkono kuniinua.

Siku mbili zile alinitendea vizuri mno. Alinipashia maji ya miguu. Alimwambia mumewe, "Usimnunie mama."

Jumatano tuliingia kwa daktari tukiwa wawili. Alikuwa kijana, mikono safi, kalamu tatu mfukoni. Picha mpya aliibandika kwenye kile kisanduku chenye taa ukutani. Nimeshika picha za vifua vya watu sijui ngapi, lakini sikuwahi kuona moja ikiwa inawaka namna hiyo, na mwenyewe amekaa kando yake anapumua.

"Ya zamani mmeleta?" akauliza.

"Imeharibika," mke wa mwanangu akasema haraka. "Lakini mama mkwe wangu aliiangalia vizuri kabla haijaharibika. Ataeleza. Yeye hasahau."

Daktari akanigeukia. Nilitarajia atacheka, hakucheka. "Bibi, tazama hapa." Akaweka ncha ya kalamu chini ya kitu kidogo cheupe, kando ya kivuli cha moyo. "Hiki. Kwenye ile picha ya zamani kilikuwepo? Nakuuliza kwa sababu mahali hapa ni pabaya kwa sindano, nami sipendi kuchoma ovyo. Kama una hakika, hakika kabisa, naweza kusubiri miezi mitatu tupige nyingine tulinganishe. Kama huna hakika, sitasubiri. Kikiwa ni kile ninachokiogopa, miezi mitatu ni mingi."

Mke wa mwanangu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alinitazama usoni. Macho yale yalikuwa ya mtu aliye ndani ya maji anayetazama kamba.

"Mama," akasema.

"Niliishika picha hiyo," nikamwambia daktari. "Niliiosha kwa dawa mimi mwenyewe, ndivyo ilivyoharibika. Niliitazama kabla. Nakumbuka kona iliyokunjika, nakumbuka alama ya kidole. Hicho unachonionyesha sikikumbuki. Sisemi hakikuwepo. Sisemi kilikuwepo. Nikisema neno lolote zaidi ya hapo nitakuwa natunga."

Mke wa mwanangu akauachia ukingo wa meza. Daktari akashusha pumzi, akazima taa ya kisanduku, akaandika. Ijumaa, saa tatu asubuhi, asile kitu.

Njia nzima ya kurudi mke wa mwanangu alitembea mbele yangu hatua kama kumi. Aliijua miguu yangu, na bado alitembea mbele hatua kumi. Nyumbani alimwambia mumewe, "Mama yako hakukumbuka," na akaenda kulala mchana kweupe. Maji ya miguu sikupashiwa, na sikustahili.

Ijumaa nilikwenda. Hakuna aliyeniambia nije, hakuna aliyenikataza. Nilikaa mwisho wa benchi refu la mbao, wao wawili wakakaa mwisho wa pili. Kati yetu kulikuwa na nafasi ya watu wanne. Mwanangu akaitwa dirishani kuweka sahihi karatasi. Mkewe akaingizwa chumba cha kubadilishia nguo, akatoka na gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, miguu mitupu kwenye sakafu baridi, akaketi pale pale. Kamba ya juu ya gauni ilikuwa imefunguka. Nilitamani kwenda kumfungia, sikuthubutu.

Ni yeye aliyesimama. Akaja, akanigeuzia mgongo, nikaelewa. Nikamfunga, fundo mara mbili. Shingo yake ilikuwa na jasho.

"Likiwa baya," akasema akiwa bado amenipa mgongo, "utakuwa umeniokoa. Likiwa kovu tu, utakuwa umenichomesha sindano karibu na moyo bila sababu."

"Ndiyo."

"Sasa wewe unaomba liwe nini?"

Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye fundo.

"Naomba liwe kovu," nikamwambia. "Uje unidai hiyo sindano siku zote nilizobakiza."

Muuguzi akafungua mlango akamwita, naye akaenda, mkono mmoja nyuma umeshika gauni lisifunguke. Mwanangu alirudi kutoka dirishani na karatasi mkononi, akatazama mlango uliofungwa, akatazama benchi, akaja akakaa nafasi ya katikati. Kisha kitanda cha magurudumu kikaja kikisukumwa, kitupu, na aliyekisukuma akaniambia, "Bibi, vuta miguu kidogo," nami nikaivuta, kikapita kikaingia mle ndani alimo.